Stendi ya Miguu Miwili

4 Machi

Binti yangu Nati,

Hujambo mama? Kile kikohozi cha vumbi la stoo kimekuachia? Mimi huku sijambo, kuku hawajambo, pikipiki nayo haijambo kidogo, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Nimeona bora tuandikiane. Mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Tukifika kwenye habari ya pili tumeshapandishiana sauti, mmoja anakata, mwingine anabaki anaongea na kiganja chake. Kwenye karatasi mtu anamaliza neno lake. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kubeba barua ndani ya boksi la spea, kuja na kurudi, mradi nisimwekee kuku.

Swali langu ni la kikazi, na nakuuliza wewe kwa kuwa unauza vyuma vya pikipiki kutwa nzima. Ile stendi kubwa, ya miguu miwili, inayokaa chini ya injini na kuinua gurudumu la nyuma, ina faida ya kununuliwa au ni urembo? Yangu ilitoka dukani na stendi ya pembeni peke yake. Pikipiki ikiegemea, mtungi nao unaegemea. Unaujua huo mtungi. Ndani yake kuna ile nitrojeni ya maji, baridi kali inayotoa moshi, na ndani ya baridi kuna mirija ya mbegu za kupandishia ng'ombe. Madume wote wa chama cha wafugaji wanaishi mle, wamekunjwa kama nguo za safari. Ukilala ukamwagika, mbegu zinakufa, na ng'ombe aliyekuwa kwenye joto siku hiyo anasubiri wiki tatu nyingine. Ng'ombe anasubiri. Mwenye ng'ombe hasubiri, ananitukana.

Na mazizi ya huku ni matope na samadi. Stendi ya pembeni inazama, pikipiki inalala ubavu. Kwa sababu hiyo naomba pia mkono wa klachi, kioo cha kushoto na kikanyagio cha kushoto. Kile cha zamani nimekiweka ndani ya boksi kiwe sampuli, msije mkanitumia cha pikipiki ya wachina wengine.

Mama Mwenyekiti wa chama anakusalimu. Bado ananitania kila nikifika kwake, eti ndama wa kata nzima ni wanangu lakini hakuna hata mmoja aliyechukua pua yangu. Nami namjibu washukuru.

Nijibu haraka.

Baba yako


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha kabisa, sasa anakohoa bosi. Nimefurahi kusikia hujambo, nimefurahi zaidi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama mtu anayekimbizwa.

Kuhusu stendi nitakujibu kama ninavyomjibu mteja ninayempenda, maana nisiowapenda nawauzia tu. Stendi kubwa ina faida kwa mtu anayepaka mnyororo wake mafuta mwenyewe, anayeziba pancha njiani, au anayeegesha kwenye sakafu ngumu akiwa na mzigo mzito. Pikipiki inasimama wima, haiyumbi. Lakini ni chuma kizito, kinakaa chini chini, ukiingia shimoni na mzigo kinakwaruza, na springi yake ikichoka inaburuzika barabarani. Na kwenye matope, baba, miguu miwili inazama vilevile kama mmoja. Tofauti ni kwamba inazama kwa heshima.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usinunue. Nimekuwekea kisahani cha chuma alichokichomelea fundi wetu. Kifunge chini ya mguu wa stendi yako ya pembeni, hakizami hata kwenye uji. Mtungi utie kabari ya ubao upande wa kushoto, utakaa wima bila kukugharimu chochote.

Vyuma ulivyoagiza vimo. Nami nina swali langu moja. Mwishoni mwa mwaka jana ulichukua mkono wa klachi na kioo cha kushoto, sasa unachukua tena vilevile. Na kikanyagio ulichonitumia kimepinda kwenda nyuma. Pikipiki ikilala ikiwa imeegeshwa, kikanyagio hupinda kwenda juu. Kinachopinda kwenda nyuma ni cha pikipiki iliyoanguka ikitembea. Au duka limeanza kunichanganya?

Niambie pia habari ya sukari yako. Ulisema utakwenda zahanati, hukusema kama ulikwenda.

Binti yako


20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo, sukari haijambo, kila kitu huku hakijambo.

Boksi limefika salama. Kisahani kimekaa vizuri na ahsante kwa fundi wenu, lakini mimi sikuomba kisahani. Nimekuuliza habari za ng'ombe, umenijibu habari za kamba. Na hayo ya kikanyagio, naona duka limekufanya trafiki. Niliteleza mara moja, langoni kwa watu, majani yalikuwa na umande. Nani amepanda pikipiki miaka yote hii asilambe vumbi hata siku moja? Mpanda ngazi hushuka, wakati mwingine anashuka kabla ya wakati.

Faida ya stendi kubwa wewe huioni kwa sababu unaiangalia ikiwa imening'inia ukutani. Mimi naiona nikiwa uani kwangu asubuhi. Pikipiki iko wima. Naizunguka, napanda taratibu kama mtu anayepanda kitanda chake, nakaa, naweka miguu yote miwili juu, nawasha, naangalia kama mtungi umefungwa sawasawa. Halafu naisukuma mbele kwa kifua, inashuka yenyewe, naondoka. Hakuna kuishikilia. Hakuna kuitafuta chini kwa mguu huku mzigo unanivuta upande. Mtu wa rika langu anastahili hiyo raha ndogo.

Kwa hiyo nitumie. Sitaki bei ya mzazi wa mfanyakazi, nitalipa kama mteja yeyote usiyempenda.

Mbegu mpya zimekuja, za dume mmoja mweusi ambaye kwenye picha ana sura ya mkuu wa shule yenu. Wafugaji wamemgombania.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na safari hii nataka kuambiwa ni afya ya namna gani.

Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya matairi, nikairudia mara kadhaa pale uliposema hakuna kuitafuta chini. Chini haitafutwi, baba. Mtu anashusha mguu na chini inampokea. Anayeitafuta ni yule ambaye mguu wake haumwambii umefika.

Na vyuma vyote ni vya kushoto. Wakati wa kusimama mguu wa kulia uko kwenye breki, wa kushoto ndio unaoshuka. Najua kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha, kwenye uwanja wa mnada, ukinikimbilia nyuma na kanzu umeikunja kiunoni.

Nimefanya upuuzi mmoja. Jumamosi tulipofunga duka nilichukua pikipiki ya kupelekea mizigo, ambayo ina stendi kubwa. Nikajifunga sponji la kiti kwenye mguu wa kushoto, nikazungushia gunia, ili nisihisi ardhi. Kupanda nilipanda, nakukubalia. Stendi ilinishika vizuri, nikakaa, nikaisukuma ikashuka, nikazunguka uwanja najiona malkia. Halafu nikataka kusimama. Nilishusha mguu nikadhani umefika, kumbe bado, na nilipojua kwamba bado nilikuwa nimeshalala juu ya makopo ya oili. Wenzangu wamecheka mpaka wamekaa chini. Mimi kicheko hakikuja. Nilikuwa nakuona wewe.

Stendi inakusaidia kuondoka. Kusimama inakusaidiaje?

Ndiyo maana sikutumii. Ipo, usidhani nimeisahau. Nimeifunga kwa karatasi ya kaki, nimeandika jina lako juu, nimeisukuma chini ya kaunta yangu. Haitoki hapo mpaka nijue mguu una nini.

Na tafadhali usiniandikie tena kwamba hujambo. Mama alipokuwa anaumwa ulinitumia ujumbe baada ya ujumbe, mama yako hajambo, mama yako hajambo, nikaja kumkuta ndani ya sanda. Nilikusamehe hayo, au nilisema nimekusamehe. Mara ya pili sitaweza.

Binti yako


2 Mei

Nati,

Mwezi mzima hujapata barua kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninazo, ila zimepoa kiasi cha kushika kalamu. Hutaki sijambo, basi pokea jambo lenyewe.

Mguu wa kushoto umenikimbia. Upo, nauona, naupaka mafuta, lakini kuanzia kwenye kifundo kwenda chini ni kama wa mtu mwingine aliyeniomba nimtunzie. Ni sukari. Zahanati nilikwenda, wakanieleza, nikatoka na vidonge mkononi na mdomo nimeufunga. Gia nabadilisha kwa kusikiliza injini, maana kidole hakiniambii kama kimegusa chuma au hewa.

Kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza pikipiki iliniangusha. Mfuniko wa mtungi ukatoka, na ile baridi ikamiminika ndani ya buti. Mtu mwingine angepiga ukunga watu wakaacha kazi zao. Mimi niliinuka, nikajipangusa, nikamshukuru Mungu kwamba haikunigusa. Nikaendelea na kazi mpaka jioni. Nilipovua soksi, ilitoka na ngozi. Nilikaa kitandani nimeishika ile soksi, nikaogopa, mwanangu. Sijaogopa hivyo tangu siku ya mama yako. Kidonda nakiosha kwa maji ya chumvi. Nadhani kinakauka.

Sasa utauliza kwa nini siachi. Ng'ombe akiingia kwenye joto ni siku moja tu, hana subira na wala hajui kwamba mzee anaumwa. Nisipofika, nyumba hiyo mwaka ujao haina maziwa. Hilo ni moja. La pili nitalisema mara moja nisilirudie. Nikiacha, mimi nitakuwa nani? Mzee wa kibarazani anayeuliza wapita njia wanatoka wapi. Chama wakijua habari ya mguu watachukua mtungi, na ukishautoa mtungi kwangu hujaniacha na kitu.

Kuhusu kusimama, usihangaike kujifunga magunia, nimeshapata dawa. Bahati imeniangukia. Siku hizi wafugaji wamepanda nguzo nje ya malango yao, wanasema za kufungia ng'ombe. Karibu kila ninapokwenda ipo, tena upande wangu wa kushoto. Nafika taratibu, nashika nguzo, nazima injini, nashuka kama bwana harusi. Tangu nguzo zianze sijaanguka langoni kwa mtu. Kinachonitesa ni kupanda peke yake, na dawa ya kupanda unaikanyaga wewe chini ya kaunta.

Haya yabaki kati yako na mimi.

Baba yako


6 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia mbele ya mteja. Alikuwa anataka plagi, akaondoka bila plagi.

Kidonda usichokisikia ndicho kinachokula. Usikioshe kwa chumvi, usisubiri kikauke, nenda hospitali kubwa wakakione. Zahanati haitoshi. Nenda leo, kama barua imefika jioni basi kesho alfajiri. Nakuomba kama ningekuwa hapo nimekushika miguu yote miwili, ule unaonisikia na ule usionisikia.

Sasa hizo nguzo. Baba, nani duniani anafunga ng'ombe nje ya lango, barabarani, wakati zizi liko ndani? Na kwa nini zote ziwe upande wa kushoto wa mtu anayefika? Uliwahi kumkuta ng'ombe hata mmoja amefungwa pale? Wanajua. Kata nzima inajua. Wamekuona ukianguka, wakaona haya kukuambia, wakachukua majembe wakachimba mashimo. Wewe unawaficha wao, wao wanakuficha wewe, na mimi mwanao ndiye niliyebaki sijui chochote.

Kwa hiyo usiniambie watachukua mtungi. Watu wanaotaka kukufukuza hawakuchimbii nguzo.

Lakini wameweka nguzo malangoni tu. Katikati ya barabara hakuna. Ng'ombe wa mtu akikatiza, lori likisimama ghafla, utashika nini? Kila nikisikia breki nje ya duka natoka kuangalia, kana kwamba ungekuwa wewe.

Nimeshasema mengi. Nakupa wiki moja. Nisiposikia kwamba umekwenda hospitali nitampigia Mama Mwenyekiti, nitamweleza yote, ya mguu na ya soksi.

Binti yako


10 Mei

Nati,

Salamu.

Nguzo ni za ng'ombe.

Ukimpigia Mwenyekiti, basi siku nikifa kaa hukohuko uliko. Watu wa hapa wana majembe, watanizika bila wewe.

Baba yako


18 Mei

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Nimempigia. Nilishika simu mkononi tangu asubuhi, nikaiweka, nikaishika, na mwisho nikaona bora uniapize ukiwa hai.

Nilimweleza habari ya mguu. Kisha akasema nguzo ya kwanza ni yake. Siku ile uliyoteleza langoni kwa watu, lango lilikuwa lake. Alikuwa dirishani. Alikuona unavyohangaika kuinuka na unavyotazama huku na huku kama kuna aliyekuona, akarudi ndani, akajifanya anakuja kutoka jikoni. Asubuhi yake akamwambia mumewe achimbe. Majirani wakauliza nguzo ya nini, akawaambia, nao wakachimba.

Mtungi hawautaki. Wanachotaka ni ukae nyuma, dereva wa chama aendeshe, akufikishe zizini, wewe ufanye kazi yako. Amesema, nami naandika kama alivyosema, "Sisi tunautaka mkono wake. Mguu atauacha nyumbani akipenda." Wamekwisha kulizungumza kwenye kikao ukiwa hupo, na wote waliafiki, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake nani akakuambie. Ikashindikana. Sasa nimekuambia mimi. Hasira zako zielekeze kwangu, mimi niko mbali, hata ukinirushia buti halinifikii.

Kuhusu kidonda hakujua. Aliposikia alikata simu bila kuniaga, nadhani alikuwa anakuja kwako.

Nipe neno moja tu.

Binti yako


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Kondakta amenirudishia boksi. Amesema alipiga honi mbele ya nyumba mara nyingi na hakutoka mtu. Simu yako imezimwa. Mama Mwenyekiti akipokea anasema upo, unapumzika, halafu anasema mtandao mbaya, na mtandao wake nausikia mzuri kabisa mpaka jogoo wake nasikia.

Nimefungasha begi mara mbili. Naogopa kuja nikakukuta mzima, umesimama mlangoni na yale maneno yako ya majembe, ukanifukuza mbele za watu. Naogopa zaidi kutokuja. Usiku nalala na simu kifuani, na asubuhi ni mimi wa kwanza kituoni basi linapofika, namwangalia kondakta usoni kabla hajafungua mlango.

Andika hata tusi. Mradi liwe la mwandiko wako.

Binti yako


30 Juni

Mwanangu Nati,

Hujambo? Mimi si mzima lakini ni hai, na leo nimeweza kukaa bila kuegemezwa, ndipo nikaomba karatasi.

Yale ya majembe nayarudisha mdomoni. Mzazi anapozungumza na mwanawe hivyo ujue ameshindwa hoja.

Mama Mwenyekiti alikuja siku ileile uliyompigia. Nilimsikiliza nimesimama, hata kiti sikumpa. Alitaka kuniona mguu, nikamwambia mguu wangu si ng'ombe wa chama. Nikamwambia na mengine, kwamba fahali habebwi mgongoni kwa mtu. Aliondoka anafuta macho kwa ncha ya khanga. Kesho yake nikaitwa kwenye ng'ombe wa upande wa mlimani, nikatoka na hasira badala ya chai.

Kwenye mteremko wa shule mtoto wa kike alivuka na ndoo ya maji kichwani. Nilimwona, nilishika breki, pikipiki ikasimama vizuri kabisa. Nikashusha mguu, na mguu haukufika. Hapakuwa na nguzo. Mtungi ulifunguka na kumwagikia upande ule alikokuwa yule mtoto, na moshi mweupe ukafunika barabara yote. Nilikuwa nimelaliwa na pikipiki, simwoni, jina lake silijui, nikabaki naita mtoto, mtoto, na moshi hauna haraka. Nati, hapo ndipo nilipoelewa barua zako zote kwa pamoja. Ulipopungua nikamwona amesimama ukingoni, ndoo imeanguka, analia kwa ajili ya ndoo. Hakuguswa hata na tone. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Walionitoa chini ya pikipiki ni walimu. Hospitali daktari alivua buti akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwingine, nikajua. Ile harufu mimi nilishaizoea, nilidhani ni ya zizi. Vidole vyote vya mguu ule wameondoa, na kipande cha unyayo. Wamesema ningechelewa kidogo ungeondoka mguu mzima, na baada ya hapo mimi mwenyewe. Nilimwapisha Mama Mwenyekiti asikuambie. Usimlaumu, alikuwa anakuja kunilisha huku ananikaripia. Na usijilaumu wewe kwamba ulipiga simu nami nikaanguka. Ningeanguka tu. Ulipopiga simu ndipo pakawa na watu waliojua pa kunitazama, ndani ya buti. Kukuandikia nilichelewa kwa aibu, hasira zilikuwa zimekwisha palepale kwenye moshi.

Kubebwa nimekubali. Kidonda kikifunga nitakaa nyuma ya dereva wa chama, nimekumbatia mtungi kifuani kama mtu aliyeiba kuku. Watacheka. Wacheke, mikono yangu bado inajua njia ndani ya ng'ombe wao kuliko wao wenyewe.

Sasa nirudi kwenye ile stendi uliyoikalia. Pikipiki wameirudisha hapa uani. Waliinyoosha usukani, wakaiegesha karibu na mlango kwa stendi ya pembeni, kwa nia njema. Pikipiki kwenye stendi ya pembeni inaegemea kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke waende. Kila asubuhi nikifungua mlango naikuta hivyo, na mkono wangu unakwenda mfukoni kutafuta funguo kabla akili haijaamka. Juzi nilifika mpaka kwenye kiti chake, na magongo yangu yote mawili, nikaweka gongo moja chini. Jirani akapita, akanisalimia, nikajidai naipangusa vumbi. Asingepita sijui. Naijua tabia yangu, na ninaiogopa. Lakini iliyo kwenye stendi kubwa haimsubiri mtu. Imesimama wima, gurudumu liko hewani, kila anayeiona anajua haiendi popote. Kwa hiyo swali langu la kwanza nimelijibu mwenyewe. Ina faida. Itoe chini ya kaunta.

Ila usimpe kondakta. Kuipandisha pikipiki kwenye stendi ile kunataka mtu mwenye miguu miwili, mmoja wa kukanyagia na mmoja wa kujishikizia, na mimi sina. Majirani wapo, wangeifunga na kuipandisha wakati maji ya chai hayajachemka, lakini sitaki majirani. Nataka uje wewe. Uifunge, uipandishe, mimi nitakuwa nimesimama mlangoni naangalia. Halafu funguo uzichukue, uondoke nazo.

Baba yako